Viwavi wa Mbarika: Tuhesabu Kwanza, Tunyunyize Mwisho

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Kisumu



Halmashauri imetuomba tuseme juu ya jambo lililoleta maneno mengi kati ya majirani, nalo ni viwavi wanaokula majani ya mbarika. Sisi tunaosimama hapa si mabwana shamba. Ni watu wa reli, na kazi tuijuayo sana ni ya vyuma na mawe ya njia. Lakini kila mmoja anajua kwamba mshahara peke yake haufiki mwisho wa mwezi, na kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ndicho kinachojaza sufuria. Kwa hiyo habari ya shamba ni habari ya chama.

Shauri lenyewe ni hili. Baadhi yetu tumepanda mbarika kwenye mipaka ya viwanja. Akina mama wamepanda sukuma wiki, mchicha, nyanya na kabichi ndani ya mipaka hiyo. Mvua ziliponyesha viwavi walionekana kwenye mbarika, kisha wakaonekana kwenye mboga. Wenye mboga wakasema: ng'oeni mibarika yenu, ndiyo inayoleta wadudu. Wenye mbarika wakasema: tuchange fedha, tununue dawa kali, tunyunyize kila kitu mara moja. Twaona kwamba shauri la kwanza litatunyima fedha, na la pili litatunyima fedha na afya pia. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, hatua kwa hatua.

Faida ya mbarika

Mbarika, ambao wenzetu wa Tanzania huuita mnyonyo, si mgeni kwetu. Unaota wenyewe kando ya reli, penye majaa, na kando ya mito inayoingia ziwani. Watu wa mashine waliyapenda mafuta yake tangu zamani, kwa kuwa hushikamana na chuma hata chuma kinapopata moto. Huko India, reli za karne ya 19 ziliyatumia katika taa na katika kulainisha vyuma. Hata jina la mafuta ya Castrol lilitokana na jina la Kiingereza la mmea huu.

Leo India ndiyo inayolima mbarika kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hapa kwetu Kenya, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni mwaka 2022, na mwezi wa Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea ikapelekwa Italia, katika kiwanda cha Gela. Mbarika ni moja ya mbegu zinazokamuliwa. Basi mtu asiseme kwamba mmea huu ni magugu tu.

Lakini tukumbushane jambo moja. Mbegu ya mbarika ina sumu kali iitwayo risini. Mtoto asitafune mbegu hizo hata moja, na mashapo yanayobaki baada ya kukamua asipewe ng'ombe wala mbuzi. Mbarika usipandwe mahali watoto wanapocheza.

Adui ni nani?

Mtu akisema "viwavi" tu, hajasema kitu. Ni kama kusema "gari moshi limeharibika" bila kusema ni gurudumu, breki, au injini. Tuwatazame mmoja mmoja.

Wa kwanza ni kiwavi anayepinda mgongo anapotembea, kama mtu anayepima njia kwa kamba. Huyu hula jani lote na kuacha mishipa yake mitupu. Akikua huwa nondo, na nondo wa jamii hii hutoboa machungwa na matunda mengine usiku, wakanyonya maji yake. Kwa hiyo mwenye michungwa naye ana shauri katika mkutano huu.

Wa pili ndiye mbaya zaidi kwetu, kwa sababu hachagui chakula. Wataalamu humwita Spodoptera littoralis. Anakula mbarika, pamba, kabichi, nyanya, mchicha, na mengine mengi. Nondo wake hutaga mayai kwa mafungu chini ya jani, akayafunika kwa manyoya ya mwili wake, hata fungu likaonekana kama kipande cha pamba chafu. Nondo mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Viwavi wanapoanguliwa hukaa pamoja juu ya jani lile lile kwa siku chache, wakilikwangua mpaka libaki kama kitambaa chepesi. Baadaye hutawanyika. Wakubwa hula usiku, na mchana hujificha udongoni. Mwisho huingia ndani ya udongo, wakageuka nondo. Katika joto kama letu, tangu yai hata nondo mpya ni kama mwezi mmoja au kupita kidogo.

Wa tatu ni viwavi wenye manyoya, wale tunaowaita washa. Hao wasiguswe kwa mkono mtupu.

Waliosoma shule ya misheni wanaijua habari ya Yona nje ya mji wa Ninawi, na mmea uliompa kivuli, na mdudu aliyeutafuna mpaka ukakauka. Baadhi ya tafsiri huuita mmea ule mtango, lakini wengi katika wataalamu wa Kiebrania hudhani kwamba ulikuwa mbarika. Basi vita hivi ni vya zamani. Yona alikasirika, akaketi. Sisi hatuna nafasi ya kuketi.

Kazi ya kwanza ni kukagua

Ninyi mnaofanya kazi ya genge mnajua kwamba reli haikaguliwi na mtu aliyeketi stesheni. Mtu huitembelea kwa miguu, na nyundo mkononi, akitazama kila bolti. Akiikuta moja imelegea, huikaza siku ile ile. Hangoji mpaka gari lianguke.

Shamba nalo ni vivyo hivyo. Mara mbili kwa wiki, pita katika mbarika wako asubuhi mapema. Usitazame mimea ya ukingoni tu. Kata shauri la kutazama mimea 20, ukienda huku na huku mpaka umezunguka shamba zima. Geuza majani, tazama chini yake. Hesabu mafungu ya mayai, hesabu majani yaliyokwanguliwa, hesabu viwavi. Andika katika daftari. Hesabu isiyoandikwa husahauliwa, na mtu aliyesahau hesabu hukisia kwa hofu.

Sasa swali: ukiona jani limeliwa, je, ni lazima upulize dawa? Hapana. Mbarika ni mmea mvumilivu. Huko Assam, katika India, watu huchuma majani ya mbarika kwa makusudi ili kuwalisha viwavi wa hariri wanaowafuga, na mmea bado huzaa. Wataalamu wa India huwafundisha wakulima wasinyunyize dawa mpaka robo ya majani imeliwa. Kama mmea una majani 12, robo ni majani matatu. Chini ya hapo, gharama ya dawa yaweza kuizidi hasara ya majani. Lakini mmea mchanga, wenye majani machache tu, usiachwe hivyo. Huo utunzwe kwa mkono kila siku.

Tafadhali sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha ugomvi wetu. Robo hiyo ni ya mbarika. Jirani mwenye sukuma wiki hana robo ya kutoa, kwa kuwa kwake jani ndilo chakula, na jani ndilo fedha. Basi mwenye mbarika hawezi kusema, "Mmea wangu unavumilia, mimi sina haja." Mayai anayoyaacha leo yatakuwa viwavi kwenye mboga ya mama wa jirani wiki ijayo. Fungu la mayai la yule mdudu wa pili liondolewe siku lionekanapo, hata kama mbarika wenyewe haujadhurika.

Tena liko jambo la kushangaza. Nondo yule hupenda sana kutaga kwenye mbarika. Kwa sababu hiyo wakulima wa India hupanda mbarika kuzunguka mashamba ya karanga na tumbaku, ili nondo wa jamii hiyo hiyo watage huko, kisha wanaenda kuyachuma mayai kabla hayajadhuru. Kwao mbarika ni mtego. Mibarika ile ile ambayo wengine wanataka ing'olewe yaweza kuwa ngao ya mboga zetu. Lakini mtego usiotazamwa si mtego. Ni mahali pa kulelea adui. Mwenye mibarika kwenye mpaka na asiikague, amemfugia mwenzake wadudu.

Silaha zetu kwa taratibu yake

Tukijua adui ni nani na wangapi, tutaona silaha ziko nyingi, na nyingine hazina bei. Ubora wa njia hii ni kwamba hatutegemei silaha moja. Kila moja huchukua sehemu yake ya kazi.

Kwanza ni jembe. Kabla ya mvua, lima ardhi vizuri, ili wadudu waliolala udongoni watoke juu, jua liwakaushe na ndege wawaokote. Na tupande sote kwa wakati mmoja mvua zinapoanza. Mmoja akipanda Machi, mwingine Mei, mwingine Julai, tumewaandalia wadudu chakula mwaka mzima.

Pili ni mkono. Jani lenye mayai au lenye viwavi wadogo waliokusanyika likatwe lote, litiwe katika debe la maji ya sabuni, au wapewe kuku. Jani moja lililokatwa mapema huondoa viwavi mia na zaidi. Wakishatawanyika, utawatafuta mmoja mmoja. Na kwa kuwa sehemu kubwa sana ya chakula chake kiwavi hukila katika siku zake za mwisho, anayewaua wakiwa wadogo ameokoa karibu majani yote.

Tatu ni ndege. Simika vijiti virefu vyenye kipande cha mti kilichokingamishwa juu, hapa na pale katika shamba. Ndege hutua hapo, wakaona viwavi chini, wakashuka.

Nne ni nyigu wadogo. Wapo nyigu wadogo kuliko mbu, ambao hutaga mayai ndani ya kiwavi. Mtoto wa nyigu humla kiwavi toka ndani, kisha hutoka na kujisokotea kifukofuko kidogo. Nyigu mmoja wa namna hii alipatikana hapa Kenya katika viwavi waliokuwa wakila mchicha, mmoja wao akiwa ni huyu huyu Spodoptera littoralis. Mwaka 2017 alipewa jina la kitaalamu Cotesia icipe, kwa heshima ya kituo cha icipe kinachochunguza wadudu. Ukiona vifukofuko vidogo juu ya jani karibu na kiwavi aliyenyong'onyea, viache. Hao ni askari wako. Ukimwaga dawa kali siku ile, umewapiga risasi askari wako mwenyewe.

Tano ni mwarobaini, nao uko tele katika mji huu. Twaa nusu kilo ya kokwa za mbegu zake zilizokaushwa kivulini. Zitwange, uziloweke katika lita 10 za maji usiku mmoja, uchuje kwa kitambaa, utie sabuni kidogo, na upulize jioni, chini na juu ya majani. Haiui papo hapo. Kiwavi huacha kula, hawezi kujivua ngozi, akafa. Kwa hiyo usikate tamaa ukimwona bado yuko kesho yake.

Sita ni dawa ya vijidudu iitwayo Bt, ambayo hudhuru viwavi wanaoila na huwaacha nyigu. Hufaa kwa viwavi wadogo, nayo hupulizwa jioni kwa maana jua huiharibu.

Saba, na mwisho wa yote, ni dawa ya kemikali. Hatusemi isitumiwe kamwe. Twasema iwe ya mwisho, baada ya hesabu kuonyesha kwamba zile sita hazikutosha.

Kwa nini dawa kali iwe ya mwisho

Tutazame Misri, nchi inayokunywa maji ya Naili, ambayo sehemu yake hutoka katika ziwa letu hili. Mdudu wetu wa pili ndiye adui mkubwa wa pamba yao. Zamani waliyachuma majani yenye mayai kwa mikono, shamba kwa shamba. Katika miaka ya 1950 ikaja dawa iitwayo toksafeni, nayo ikaonekana ni mkombozi. Wakainyunyiza msimu hata msimu. Mwaka 1961 dawa ile ilishindwa, kwa kuwa viwavi walikuwa wameizoea, na pamba ikaharibika vibaya sana. Mdudu anayepigwa dawa moja kila siku huizoea. Wanaokufa ni wale dhaifu, na wale wagumu ndio wanaozaa.

Jambo la pili ni ziwa. Dawa nyingi za viwavi zilizo madukani ni za jamii ya pairethroidi, na dawa hizo huua samaki hata zikiwa kidogo sana katika maji. Mvua ya Kisumu haikai shambani. Huingia mtaroni, ikaenda mtoni, ikaishia ziwani. Anayeosha pampu yake mtoni ameosha sumu katika sufuria ya omena.

Jambo la tatu ni miili yetu. Tumeletewa dawa katika chupa za soda, bila karatasi ya maelezo, na muuzaji akasema, "Tia kifuniko kimoja." Ndugu, hiyo si dawa, ni hatari. Dawa inunuliwe katika chombo chake chenye maandiko na namba ya kuandikishwa. Mtu anayenyunyiza avae buti, glavu, suruali ndefu na kitambaa cha uso, asipulize akielekea upepo, asivute sigara, na aoge akimaliza. Zile siku zilizoandikwa za kungoja kabla ya kuchuma mboga zihesabiwe zote. Mtoto asitumwe kazi hiyo kamwe.

Mfano wa pwani ya ziwa letu

Mtu asidhani haya ni maneno ya vitabuni. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Nyanza, alianzisha kituo cha icipe, na tawi lake la Mbita liko pale ng'ambo ya ghuba. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Mbita, pamoja na wenzao wa Rothamsted huko Uingereza, walitengeneza njia iitwayo Vuta-Sukuma kwa ajili ya mahindi. Katikati ya mistari hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo. Kandokando hupandwa nyasi za nepia au brakiaria, zinazowavuta. Tena desmodiamu huzuia kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi, na ng'ombe hula desmodiamu na nyasi zote mbili.

Mwaka 2016 kiwavijeshi kutoka bara la Amerika alionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka 2017 akafika Kenya. Huyo ni ndugu wa mdudu wetu wa mbarika, wa ukoo mmoja. Wataalamu wakaenda kwa wakulima 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa wakitumia Vuta-Sukuma, na habari walizozitoa mwaka 2018 zilionyesha kwamba viwavi katika mashamba hayo walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko katika mahindi yaliyopandwa peke yake.

Hatusemi desmodiamu itaponya mbarika. Mfano huu unaonyesha kwamba mkulima mdogo wa pwani hii aweza kumshinda kiwavi kwa kupanga mimea yake vizuri na kwa kukagua.

Tunachoomba mkutano ukate

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ni letu sisi watu wa reli hasa. Kazi yetu ni ya zamu. Mwenzetu aweza kuondoka na gari Jumatatu, asirudi nyumbani mpaka Alhamisi. Katika siku hizo mayai yameanguliwa, viwavi wametawanyika, na kosa si lake. Twaomba mkutano ukubali mambo manne.

Kwanza, kila Jumatano na Jumamosi asubuhi iwe siku ya kukagua viwanja vyote.

Pili, wanachama wawekwe wawili wawili. Ukiwa safarini, mwenzako akague mstari wako na kuchuma majani yenye mayai. Ukiwa nyumbani, nawe umfanyie vivyo hivyo. Mjane wa mwanachama naye apewe mwenzi wa kumsaidia.

Tatu, kila mpaka penye mbarika na mboga, mwenye mbarika na mwenye mboga wakague pamoja. Akina mama wana macho makali kuliko sisi katika kazi hii, na daftari liwe mikononi mwao.

Nne, mtu asinyunyize dawa ya kemikali kabla hesabu haijasomwa mbele ya majirani zake. Ikibidi, tununue pamoja chombo kimoja cha halali, na wanaonyunyiza wawe watu waliofundishwa. Bwana shamba wa kaunti aombwe aje kutufundisha.

Ndugu wanachama, chama chetu kilijengwa na watu waliojua kwamba mfanya kazi mmoja akisimama peke yake hasikiwi. Nondo hana habari ya mipaka ya viwanja, hawezi kusoma namba za nyumba. Shamba moja lisilokaguliwa hutosha kuwarudisha viwavi katika mashamba 20 yaliyotunzwa. Kwa hiyo hapana ushindi wa mtu mmoja katika vita hivi.

Kabla ya mvua zijazo, mibarika ibaki mahali pake, mboga zibaki mahali pake, na majirani wabaki wakisalimiana. Tukikubaliana juu ya mambo haya manne, kazi ianze Jumamosi hii saa moja asubuhi. Kila mtu aje na debe, na sabuni kidogo.

Mwenye swali na aulize.